Betri ya pikipiki haishiki chaji: pima kwa mpangilio kabla ya kununua kifaa

Stata ikigoma asubuhi, honi ikakoroma na indiketa zikawaka bila kupepesa, kitu cha kwanza kinachonunuliwa kijiweni ni betri. Wiki tatu baadaye betri mpya nayo imelala, basi inanunuliwa rektifaya. Isipopona, magneti inafunguliwa na koili zinabadilishwa. Mwenye pikipiki amelipia mfumo mzima wa chaji, kumbe hitilafu ilikuwa waya wa ethi ulioshika kutu chini ya boliti moja. Hasara hii inazuilika kwa multimeta (mita ya kupimia umeme) ya bei ndogo, betri iliyojazwa chaji, na nidhamu ya kupima kwa mpangilio bila kuruka hatua.

Maelezo haya yanahusu zaidi pikipiki za injini ya fimbo (valvu zinasukumwa na fimbo) za ukoo wa Honda CG125, iliyotoka 1976. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150 zinazobeba abiria na mizigo huku kwetu zimefuata mtindo huo. Rangi za waya nitakazozitaja ni za ukoo huo: kijani ni ethi, nyekundu ni chanya ya betri, nyeusi ni umeme unaotoka kwenye swichi ya funguo, nyeupe ni waya wa chaji kutoka koili ya magneti, njano ni waya wa taa. Pikipiki za Kihindi zina rangi zake, na waya uliowahi kuungwa upya na fundi unaweza kuwa na rangi yoyote. Fuata waya wenyewe hadi unakoishia, usiamini rangi peke yake.

Njia ya umeme ni fupi. Magneti inazunguka juu ya koili na kuzalisha umeme unaogeuka mwelekeo kila mara, ambao betri haiwezi kuutumia ulivyo. Rektifaya inachuja upande mmoja tu wa wimbi, inaupunguza usipite kiwango, kisha inaupeleka kwenye betri kupitia waya mwekundu na fyuzi. Kwa hiyo kuna sehemu nne za kuchunguza: koili, rektifaya, njia ya waya pamoja na fyuzi na ethi, na betri. Ukiongeza vitu vinavyokula umeme, umemaliza orodha ya watuhumiwa.

Taa ya mbele si ushahidi

Hili ndilo kosa ninaloliona likipoteza pesa nyingi kuliko yote. Mtu anawasha injini, anapiga resi, taa ya mbele inaongeza mwanga, anasema chaji ipo. Kwenye pikipiki nyingi za ukoo huu taa ya mbele haipati umeme wake kwenye betri. Inaupata moja kwa moja kwenye waya wa njano wa magneti. Inaweza kuwaka vizuri kabisa huku waya mweupe wa chaji umekatika na betri haipati kitu. Ndiyo maana ukizima injini taa hiyo inazimika hata kama funguo iko wazi, lakini honi, indiketa na taa ya breki zinaendelea kwa sababu hizo ni za betri.

Vilevile, pikipiki kuwaka kwa kiki hakuthibitishi kwamba mfumo wa chaji ni mzima. Zile ambazo CDI yake (kifaa cha elektroniki kinachotoa cheche ya plagi) inalishwa na koili yake yenyewe kwenye magneti zitawaka hata betri ikiwa imetolewa kabisa. Zile ambazo CDI yake inategemea betri zitasumbua mapema zaidi, na mwenye chombo atakimbilia kubadilisha plagi na kusafisha kabureta wakati tatizo ni volti.

Anza na betri, na iwe imejaa

Huwezi kupima chaji kwa betri iliyokufa. Betri yenye njaa inavuta volti chini, na mfumo mzima unaonekana mbovu. Itoe, ukianza na waya wa hasi ili spana ikigusa fremu isipige shoti. Ichaji kwa kichaja cha nje kwa moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya Ah 5 (ampea-saa 5) inachajiwa kwa nusu ampea, saa kumi au zaidi kidogo. Kuipeleka kwa mchajishaji wa betri za magari ikawekwa ampea tano au kumi ili iishe upesi ni kuiua. Sahani zinapata joto, zinajikunja, na maji yanachemka yakaisha.

Ikishajaa, iache ipumzike saa kadhaa au usiku mzima, ndipo uipime. Betri ya maji yenye afya inaonyesha kati ya volti 12.6 na 12.8. Ile ya kufungwa isiyoongezwa maji inaweza kuwa juu kidogo ya hapo. Volti 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo hivi. Ukikuta kama 10.5 baada ya chaji kamili, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, maana kila chumba kinatoa takriban volti 2.1. Hapo hakuna dawa, nunua nyingine.

Volti za kupumzika peke yake zinadanganya. Betri iliyoganda salfa (ukoko mweupe juu ya sahani) inaweza kusoma 12.6 na isiwe na nguvu ya kusukuma chochote. Ipe mzigo: funguo wazi, injini imezimwa, kanyaga breki taa ya nyuma iwake, washa indiketa, bonyeza honi, huku mita iko kwenye vichwa vya betri. Ikibaki juu ya volti 11.5 kwa dakika moja, ni ya kuaminika kwa kazi ya kupima. Kama ina stata, piga stata uangalie namba. Ikishuka chini ya 9.5 wakati stata inazunguka, betri ni dhaifu, au stata yenyewe inavuta umeme kupita kiasi.

Angalia pia kiwango cha maji kati ya alama mbili za ubavuni. Kinachoongezwa ni maji safi ya betri tu, kamwe si asidi, kwa sababu kinachopotea kwa uvukizi ni maji. Asidi inabaki ndani. Ukiongeza asidi kila mara unaifanya iwe kali hadi inakula sahani. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvi na chuma vinavyofupisha maisha ya betri.

Na mita yenyewe ichunguze. Betri ya ndani ya multimeta za bei ndogo ikichoka, mita inasoma juu kuliko ukweli, na mtu anaona volti 16 akadhani rektifaya imeharibika. Ukiona namba kubwa usizozitarajia, badilisha kwanza betri ya mita.

Kipimo kimoja kinachogawa kazi

Rudisha betri, chanya kwanza, hasi mwisho. Weka mita kwenye volti 20 za umeme wa betri (DC), waya wake uguse vichwa vya betri vyenyewe, si vituo vya waya. Andika namba kabla ya kuwasha. Washa injini, iache inguruma taratibu, kisha panda polepole hadi mwendo wa kati, takriban mizunguko 4000 hadi 5000 kwa dakika, uishikilie hapo. Namba zikicheza ovyo, sogeza mita mbali na waya wa plagi, maana cheche inaisumbua.

Ikipanda ikatulia kati ya 13.5 na 14.8, mfumo unachaji. Acha rektifaya na koili, nenda ukatafute kinachomaliza umeme. Ikibaki palepale ilipokuwa, au ikashuka kadiri unavyowasha vitu, chaji haifiki kwenye betri. Ikipita 15 na kuendelea kupanda, chaji imezidi. Injini ikinguruma taratibu, mfumo unaochuja nusu ya wimbi hutoa kidogo sana. Kuona 12.8 hapo si ugonjwa, usimhukumu mtu rektifaya yake kwa kipimo cha mngurumo wa chini.

Kuna fundi atakayetaka kupima kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka, akisema ikiendelea kuunguruma chaji ipo. Mkatalie. Betri ndiyo inayotuliza mawimbi ya umeme unaotoka kwenye rektifaya. Ukiitoa, volti zinaruka juu ghafla, na zinazolipa ni balbu, taa za LED, kifaa cha kuchajia simu, na wakati mwingine CDI. Zaidi ya hayo, kipimo hicho hakikuambii chochote kuhusu betri kuchajiwa.

Waya, fyuzi na ethi

Chaji isipofika, usifungue magneti bado. Anza na kilicho nje na kisicho na gharama. Toa fyuzi uipime kwa mlio wa mita, maana kwa macho fyuzi inaweza kuonekana nzima huku imeachia ndani ya kofia. Kwenye pikipiki nyingi umeme wa rektifaya unapita kwenye fyuzi kuu kabla ya kufika kwenye betri. Fyuzi ikikatika, taa ya mbele bado inawaka, na mwendeshaji hajui kwamba tangu jana betri haijapata kitu. Kama ni ya ampea 10, rudisha ya 10. Kuzungushia waya au karatasi ya sigara kunahamisha hatari kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye kifungu chote cha waya, na hicho kikishika moto kiko chini ya tangi la mafuta.

Sasa kagua kapla (kiunganishi cha waya) ya rektifaya. Plastiki iliyogeuka kahawia au kuyeyuka ni alama ya pini iliyolegea: mguso mbaya unaleta ukinzani, ukinzani unaleta joto, joto linalegeza pini zaidi. Kuipiga tepu hakusaidii. Kata, badilisha pini, au unganisha kwa lehemu na uifunike vizuri.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote hapa ni cha volti zinazopotea njiani, na kinafanyika injini ikiwa inawaka kwa mwendo wa kati. Mita ibaki kwenye volti za betri. Ncha moja chomeka nyuma ya kapla kwenye waya mwekundu wa rektifaya, nyingine weka kwenye kichwa cha chanya cha betri. Mita itaonyesha tofauti ya pande hizo mbili. Volti 0.2 ni sawa. Ikifika 0.5 au zaidi, kuna kutu, pini mbaya, swichi au kiungo kinachokula umeme kati ya hapo na pale. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa hasi: ncha moja kwenye waya wa kijani wa rektifaya, nyingine kwenye hasi ya betri. Hapo isizidi 0.2.

Nusu volti inaonekana ndogo lakini ina uzito. Rektifaya inapima volti pale pale inapotoa. Ikiona 14.2 upande wake, inajua imemaliza kazi na inazuia. Betri iliyo upande wa pili wa waya mbovu inapata 13.7 tu, kila siku, na haijai kamwe. Mwaka haupiti imeganda salfa. Ukibadilisha rektifaya hapo hutapata nafuu yoyote.

Ethi ni ndugu wa hilo. Fungua boliti inayoshika waya wa hasi kwenye fremu au injini, sugua rangi na kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, paka grisi kidogo, kaza. Fanya hivyo pia mahali rektifaya yenyewe inapokaa, kwa sababu mapezi yake yanahitaji chuma cha kupelekea joto. Rektifaya iliyofungwa kwa kamba ya plastiki na kuning'inia chini ya kiti haipoi, na haitadumu.

Koili ya magneti

Njia ikiwa safi na chaji bado haipo, chomoa kapla inayotoka kwenye magneti. Kwanza ukinzani. Gusanisha ncha za mita usome namba yake, kwa kawaida 0.2 au 0.3, uitoe kwenye kila kipimo. Nyeupe kwa kijani itasoma chini ya omu 2, njano kwa kijani pungufu ya hapo. Isiposoma kabisa, koili au waya wake umekatika.

Hapa mafundi wengi hukosea kwa kuchanganya mifumo miwili. Katika mfumo huu wa waya mweupe na wa njano, mwisho mmoja wa koili umefungwa kwenye ethi makusudi, kwa hiyo mita kulia kati ya nyeupe na bodi ni jambo la kawaida. Kwenye pikipiki zenye waya tatu za njano kutoka kwenye magneti, mambo ni kinyume. Kati ya waya na waya isome sawasawa jozi zote tatu, mara nyingi chini ya omu moja, na kati ya waya wowote na bodi isisome kitu. Ikilia hapo, koili imegusa chuma na imekufa. Fundi aliyezoea mfumo mmoja akipima mwingine anatupa koili nzima.

Ukinzani mdogo kiasi hicho hauwezi kuonyesha mizunguko michache iliyopigana shoti, hivyo amini zaidi kipimo cha volti. Kapla ikiwa bado imechomolewa, geuza mita kwenye alama ya V yenye wimbi, eneo la 200, weka nyeupe na kijani, washa injini. Namba lazima ipande pamoja na resi. Mwendo wa kati hupita volti 20 na mara nyingi hufika 40 au zaidi. Ikikwama kwenye 8 au 10 hata ukipiga resi, koili imechoka au magneti imepoteza nguvu. Rudia baada ya kuendesha dakika ishirini, kwa sababu varnishi iliyopasuka ya waya wa koili huachana pale tu shaba inapopata joto. Koili ya namna hiyo asubuhi inapima vizuri na mchana inakuangusha.

Ukilazimika kufungua magneti, tumia puli (kifaa cha kuing'oa) yenye nyuzi za ukubwa wake. Nyundo juu ya magneti inapasua gundi ya sumaku na inaweza kupinda ncha ya kranki. Kisha kabla ya kurudisha hakikisha spii (kijichuma kinachoshikilia magneti isizunguke kwenye kranki) imekaa kwenye nafasi yake, vinginevyo unazalisha tatizo la muda wa cheche ambalo halikuwepo.

Rektifaya inahukumiwa mwisho

Koili inatoa, waya ni safi, fyuzi nzima, betri nzuri, na bado hakuna chaji: ni rektifaya. Sababu ya kuiacha mwisho ni kwamba kuipima kwa mita pekee ni kazi ya mashaka. Zilizo na diodi za kawaida zinasoma upande mmoja na kukataa upande wa pili, lakini nyingi za pini nne hazisomi upande wowote kati ya nyeupe na nyekundu kwa sababu ndani kuna swichi inayofunguka tu ikipewa ishara. Mzima anaonekana maiti. Kinachoaminika ni kimoja: ikisoma sifuri pande zote mbili, imepiga shoti, na ndiyo hiyo inayokata fyuzi kila ukiweka. Vinginevyo, azima rektifaya inayofanya kazi kutoka kwenye pikipiki ya aina ileile, ifunge, pima tena volti kwenye betri. Dakika tano zinatosha.

Unaponunua, linganisha mpangilio wa pini pamoja na umbo la kapla. Zipo zinazoingia bila shida huku nyeupe na nyekundu zimebadilishana nafasi.

Volti zikizidi 15, dalili utaziona kabla ya mita: balbu zinaungua mfululizo, maji ya betri yanaisha kila wiki, kuna harufu ya mayai viza, ubavu wa betri unavimba. Chunguza kwanza ethi ya rektifaya, maana ikikosa ethi haiwezi kuzuia umeme. Ethi ikiwa nzuri, badilisha rektifaya bila kuchelewa. Usisogeze moto wala sigara kwenye betri inayochemka hivyo, kwani gesi inayotoka inalipuka.

Chaji ipo lakini asubuhi betri imelala

Funguo imezimwa, toa waya wa hasi, weka mita katikati ya waya na kichwa cha betri ikiwa kwenye tundu la ampea 10, halafu shuka kwenye miliampea ukiona namba ni ndogo. Usiwashe funguo wala stata mita ikiwa hapo. Pikipiki isiyo na vifaa vya ziada isizidi miliampea 1. Pikipiki za mkopo mara nyingi zimefungwa kifaa cha kufuatilia mahali chombo kilipo, na chenyewe hakilali. Kikila miliampea 20, kwa siku ni karibu Ah 0.5, na betri ya Ah 5 inamalizika kama siku kumi. Chombo kinachotembea kila siku kinarudisha hiyo. Kilichoegeshwa wiki mbili kwa ugonjwa au safari hakirudishi. Usikikate kifaa cha watu, ila toa betri uichaji nje mara moja kwa wiki.

Na kuna mla umeme mmoja ambaye hatajwi vya kutosha: swichi ya breki ya nyuma iliyokazwa mno. Taa ya breki ya wati 21 inakula ampea 1.75 muda wote wa safari, mchana kweupe, na mwendeshaji aliye mbele haioni. Zunguka nyuma uitazame injini ikiwa inawaka na mguu umeondoka kwenye pedali. Ukiongeza spika za muziki na taa za ziada za LED, koili iliyotengenezwa kutoa ampea chache haiwezi kushinda. Kipimo chake ni kuwasha kila kitu unachotumia usiku na kushikilia mwendo wa kati. Volti zikishuka chini ya 13, punguza mzigo.

Betri mpya ya kutia asidi nayo ina sharti lake. Jaza hadi alama ya juu, iache nusu saa hadi saa nzima inywe, ongeza kama imeshuka, kisha ichaji kwa nusu ampea kwa saa kadhaa kabla ya kuifunga. Ikifungwa moja kwa moja kutoka dukani inaanza kazi ikiwa na takriban asilimia 80 ya uwezo wake, na chaji ndogo ya pikipiki haitaifikisha juu. Kizibo cha chuchu ya hewa kitoe kabla ya kujaza na kuchaji, na unapoifunga betri ivishe chuchu mpira wake, uushushe chini mbali na mnyororo, uhakikishe haukubanwa na kiti.